Linux, gemu za mkononi na faragha mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na ndugu, majirani na wenzangu kazini kila wanaponiona na kompyuta yangu kuukuu au na Steam Deck, kifaa changu cha gemu cha mkononi. Ninafanya mambo haya kwa kupenda, si kwa mshahara. Kwa hiyo majibu yamechanganya taarifa zinazoweza kuhakikiwa na maoni yangu binafsi, na palipo na maoni nimesema wazi. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine nimelielekeza huko kwa namba ya swali.

## Misingi ya Linux

1. Linux ni nini, na kwa nini ina majina mengi?

Linux yenyewe ni kiini tu, yaani sehemu inayokaa kati ya vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, kusoma diski na kuamuru skrini. Linus Torvalds alikitangaza mwezi Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na kikaunganishwa na zana za mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Kwa kuwa leseni yake inamruhusu mtu yeyote kukisoma, kukibadilisha na kukigawa, vikundi na kampuni mbalimbali hukichukua, hukiongezea programu na kukitoa kwa majina yao. Mkusanyiko wa namna hiyo huitwa distro: Debian ya 1993, Ubuntu ya 2004, Fedora, Arch, Linux Mint na nyinginezo.

Simu yoyote ya Android inatumia kiini hichohicho, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 katika orodha ya kompyuta zenye kasi kubwa zaidi duniani zinatumia Linux. Anayesema kwamba Linux ni ya watu wa kompyuta peke yao huenda anayasema hayo kwa kutumia Linux iliyo mfukoni mwake.

2. Je, ni bure kweli, au kuna malipo yatakayojitokeza baadaye?

Ni bure, na hakuna ankara itakayokufuata. Kampuni kama Canonical na Red Hat hupata mapato kwa kuhudumia mashirika. IBM iliinunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, kwa hiyo biashara hiyo si ndogo. Gharama yako ni muda wa kujifunza na bando, kwa kuwa faili la kusakinishia Linux Mint lina ukubwa wa karibu GB 3.

3. Nianze na distro ipi?

Linux Mint. Mimi mwenyewe ninatumia Fedora, lakini kwa mtu anayetoka Windows sijaona inayomsumbua kidogo kuliko Mint: kitufe cha menyu kiko kushoto chini, masasisho hayajilazimishi katikati ya kazi, na tatizo lolote utakalolipata limekwisha kumpata mtu mwingine na kuandikwa. Mwenye RAM ya GB 4 achukue toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Mwenye GB 8 au zaidi achukue Cinnamon.

Usianze na Arch kwa sababu tu Steam Deck imejengwa juu yake, na usijaribu distro kumi kwa mwezi. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na nilichojifunza ni kusakinisha tu.

4. Nimeambiwa kompyuta yangu haifai kwa Windows 11. Je, ndiyo mwisho wake?

Hapana. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa iliweka mpango wa kuwaongezea watumiaji binafsi masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache. Sharti hilo linaziacha nje kompyuta nyingi mno za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Nairobi, zikiwamo HP EliteBook 840 G3 ya kizazi cha sita na ThinkPad T470 ya kizazi cha saba, ambazo bado zina kibodi imara na nguvu ya kutosha kwa kazi za ofisi.

Kompyuta ninayoandikia majibu haya ni EliteBook 840 G3 yenye RAM ya GB 8. Ikiwa yako bado ina diski ya kuzunguka, badilisha kwanza diski hiyo kwa SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyozunguka, kabla ya kuhangaika na mfumo. Badiliko hilo moja huonekana kuliko distro yoyote, na fundi huhitaji dakika chache tu kulifanya.

5. Je, Linux inapatikana kwa Kiswahili?

Kwa sehemu. Mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na leo LibreOffice ina menyu za Kiswahili pamoja na kamusi ya kukagua tahajia. Mfumo wenyewe unaitambua lugha yetu kwa misimbo ya sw_TZ na sw_KE, hivyo majina ya siku na miezi hutoka vizuri. Menyu nyingi za eneo-kazi (desktop) zimetafsiriwa nusunusu, na mtu hukutana na Kiswahili na Kiingereza katika dirisha moja. Mimi huacha mfumo kwa Kiingereza na LibreOffice kwa Kiswahili, kwa kuwa ninapoandika ndipo ninapohitaji kukaguliwa.

## Kuhama kutoka Windows

6. Nitaijaribu vipi bila kuifuta Windows?

Pakua faili la Mint, liandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, kisha uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Kwenye HP nyingi hubonyezwa F9 mara tu baada ya kuwasha, na kwenye ThinkPad F12. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ukiwa humo, kagua sauti, Wi-Fi, kamera na vitufe vya mwangaza, kisha ufunge kifuniko na kukifungua tena ili uone kama kompyuta inalala na kuamka. Jaribio hili la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloleta manung'uniko baadaye.

Kabla ya kusakinisha kabisa, nakili mafaili yako mahali pengine. Ikiwa Windows yako imesimba diski, yaani imeifunga kwa msimbo wa siri, kwa BitLocker, andika pembeni ufunguo wake wa kurejeshea, kwa sababu Windows inaweza kuudai mara tu ikigundua kwamba mpangilio wa kuwasha umebadilika.

7. Nimesakinisha, lakini Wi-Fi haionekani. Ninapakuaje draiva, programu ya kuendeshea kifaa, bila intaneti?

Unganisha simu kwa waya wa USB, kisha uruhusu kwenye simu kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama waya wa mtandao, bila draiva yoyote. Baada ya hapo fungua kidhibiti cha draiva cha Mint. Mara nyingi kosa ni kadi ya Wi-Fi ya Broadcom, na kidhibiti kitakupendekezea draiva yake.

8. Nina Windows na Linux katika kompyuta moja, na sasa saa inakosea kwa saa tatu kamili. Je, ni kirusi?

Si kirusi. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata ikizimwa. Windows huichukulia saa hiyo kuwa inaonyesha muda wa mahali ulipo, ilhali Linux huichukulia kuwa inaonyesha muda wa dunia, yaani UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC. Ndiyo maana, ukitoka Windows saa moja jioni na kuingia Linux, unaweza kuambiwa kwamba ni saa nne usiku, na ukirudi Windows ukajikuta umerudishwa nyuma.

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, upande wa Linux na uandike `timedatectl set-local-rtc 1`. Mifumo yote miwili itaisoma saa kwa namna moja.

9. Na Word, Excel na programu za uhasibu?

LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na kwa barua, ripoti na majedwali ya kawaida inatosha. Sababu kubwa ya hati kuvurugika ni fonti: sakinisha Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, na mistari itarudi mahali pake. Majedwali yenye makro nzito (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali) ni suala jingine.

Mtu ambaye kipato chake kinategemea Photoshop, au programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, simshauri ahame. Aiache Windows ilipo, na aiweke Linux kwenye kompyuta ya pili.

## Gemu za mkononi

10. Steam Deck ni nini, na inacheza vipi gemu za Windows ikiwa inatumia Linux?

Ni kompyuta kamili iliyowekwa katika umbo la kifaa cha gemu cha mkononi. Valve, kampuni yenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, ilianza kuisambaza mwishoni mwa Februari 2022, ikiwa na prosesa ya AMD, RAM ya GB 16 na skrini ya inchi 7 yenye nukta 1280 kwa 800. Mwezi Novemba 2023 likaja toleo la OLED lenye skrini ya inchi 7.4 na betri kubwa zaidi. Mfumo wake, SteamOS, umejengwa juu ya Arch Linux, na kwenye menyu ya kuzimia kuna njia ya kwenda kwenye eneo-kazi la KDE Plasma, ambako unaweza kuunganisha kibodi na kuandika ripoti ukitaka.

Gemu nyingi inazozicheza hazikuandikwa kwa ajili yake. Kinachoziwezesha ni Proton, ambayo Valve iliitoa Agosti 2018, na ambayo ndani yake kuna Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Wine haiigi kompyuta nzima. Hupokea maombi ambayo gemu inayatuma kwa Windows, kama vile "nifungulie faili hili" au "nipe kumbukumbu kiasi hiki", na kuyatimiza kwa njia za Linux, kama mkalimani aliyekaa katikati ya wafanyabiashara wawili. Maombi ya kuchora picha hupitia tabaka jingine, DXVK, linaloyageuza kutoka Direct3D, njia ya Windows ya kuchora, kwenda Vulkan, ambayo Linux inaielewa. Kwa kuwa prosesa yenyewe haiigwi, kasi inayopotea ni ndogo. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ikiwa na tatizo la kukwamakwama kwenye Windows, Valve iliweka marekebisho ndani ya Proton, na kwa muda fulani kifaa hiki kidogo kiliicheza kwa ulaini ambao kompyuta kubwa hazikuwa nao.

11. Ni gemu zipi zisizochezeka?

Gemu za kucheza peke yako huenda karibu zote. Tatizo liko kwenye gemu za mtandaoni zenye programu ya kuzuia udanganyifu ambayo inataka kukaa ndani ya kiini cha Windows. Valorant na Fortnite hazichezeki kwenye SteamOS. Apex Legends ilikuwa ikichezeka hadi kampuni yake, EA, ilipoifungia Linux mwishoni mwa Oktoba 2024, na GTA Online iliondoka Septemba mwaka huohuo baada ya kuongezewa BattlEye, programu nyingine ya kuzuia udanganyifu. Pigo kubwa kwetu, tunaopenda mpira, ni EA Sports FC, ambayo nayo imefungwa. Mpwa wangu alikuja likizo na hamu yake yote ya kucheza FC. Nilipomweleza habari za kiini na mkalimani alinitazama kama mtu anayekwepa deni.

Kabla ya kununua gemu yoyote, tafuta jina lake kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika jinsi ilivyowaendea.

Nina maoni makali hapa. Programu inayokaa ndani ya kiini ina uwezo wa kuona kila kinachofanyika kwenye kompyuta, ikiwamo benki yako na barua zako, na mtu amepewa uwezo huo ili akuhakikishie kwamba mpinzani wako hadanganyi katika mchezo. Naona bei hiyo ni kubwa, na hata ningekuwa na Windows nisingeilipa.

12. Nitaipata wapi, na nitalipiaje gemu?

Valve haiuzi Steam Deck rasmi Afrika Mashariki. Zilizopo huletwa na wafanyabiashara au na ndugu wanaotoka safarini. Yangu ilikuja kwenye begi la binamu. Maana yake ni kwamba hakuna dhamana ya hapa karibu, kwa hiyo muulize muuzaji nani atakayetengeneza kijiti kikilegea. Habari njema ni kwamba inafunguka kwa skrubu za kawaida na vipuri vyake huuzwa.

Steam inauza kwa dola, na kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa ya simu hukubalika. Safaricom na Visa walianzisha M-Pesa GlobalPay mwaka 2022 kwa ajili ya malipo ya aina hii. Punguzo la bei la msimu ni la kweli, kwa hiyo anayesubiri hulipa kidogo.

13. Gemu ya GB 100 ninaipakua vipi kwa bando?

Ipakue mara moja tu. Tangu Februari 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya mtandao mmoja wa nyumbani bila kugusa intaneti, isipokuwa kipande kidogo cha kuhakiki. Anayefanya kazi mahali penye intaneti isiyo na kikomo, na mwenye ruhusa ya kuitumia, hupakua huko kwenye kompyuta mpakato, na jioni huihamishia kwenye Deck kwa Wi-Fi ya nyumbani. Kabla ya safari, fungua gemu mara moja ukiwa na mtandao, kisha uweke Steam katika hali ya nje ya mtandao. Ukisahau hatua hiyo, inaweza kukudai kuingia upya ukiwa njiani kwenda Dodoma.

14. Umeme ukikatika, Steam Deck inadumu kwa muda gani?

Betri ya toleo la kwanza ina Wh 40 (wati-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) na ya OLED ina Wh 50. Gemu nzito huimaliza ile ya kwanza kwa saa mbili hivi au pungufu, na gemu nyepesi za pande mbili huiacha ikae saa tano au zaidi. Kuna njia mbili za kurefusha muda. Ya kwanza ni kupunguza nguvu ya prosesa kutoka W 15 hadi W 7 au 8 kwa gemu nyepesi. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuifunga skrini na gemu kwenye picha 40 kwa sekunde. Watu huona 40 iko karibu na 30 kuliko 60, lakini ukihesabu muda wa kila picha mambo hugeuka: kwa 30 ni milisekunde 33.3, kwa 60 ni 16.7, na kwa 40 ni 25, yaani katikati kabisa. Unapata nusu ya ulaini wote kwa nyongeza ndogo ya umeme.

Pawabenki ya mAh 20,000 yenye kutoa W 45 kwa USB-C ina kama Wh 74 ndani yake. Baada ya upotevu wa njiani, hujaza betri ya Wh 40 mara moja na nusu.

15. Je, vile vifaa vidogo vya bei nafuu, Miyoo na Anbernic, vinafaa?

Kwa gemu za zamani vinafaa kuliko kitu kingine chochote. Miyoo Mini Plus na RG35XX ya Anbernic zina skrini ya inchi 3.5 yenye nukta 640 kwa 480, zinaingia mfukoni, na ndani yake kuna Linux iliyopunguzwa ikiendesha RetroArch, programu inayoiga vifaa vya gemu vya zamani. Gemu za Game Boy, ya mwaka 1989, hadi PlayStation ya kwanza huenda bila shida. Kwa Miyoo, badilisha mfumo uliokuja nao uweke Onion.

Tatizo lao ni kadi ya kumbukumbu inayokuja kwenye boksi, ambayo hufa mapema. Itoe siku ya kwanza uweke yenye ubora, na hapo ndipo penye mtego wa pili. Kuna duka moja lililoniuzia kadi iliyoandikwa GB 128. Folda zote zilionekana, majina yote yalikuwapo, lakini baada ya gemu ya mia na kitu kila faili lilifunguka likiwa tupu. Niliikagua kwa programu ya f3, ambayo huandika data mpaka kadi ijae (`f3write`) kisha huisoma yote (`f3read`), na ikanionyesha kwamba nafasi halisi ni GB 8. Sasa sihifadhi kitu kwenye kadi au flashi mpya kabla ya f3, hata kama kufanya hivyo kunachukua usiku mzima.

16. Kupakua gemu za zamani mtandaoni ni halali?

Emuleta, yaani programu inayoiga kifaa cha gemu, kwa kawaida ni halali yenyewe. Nakala ya gemu ambayo hukuinunua si halali, hata kama gemu hiyo haiuzwi tena. Nintendo hufuatilia: waundaji wa Yuzu, emuleta ya Switch, walikubali Machi 2024 kulipa dola milioni 2.4 na kufunga mradi. Wapo wanaotengeneza gemu mpya za Game Boy hadi leo na kuziuza kwa bei ndogo au kuzitoa bure, nami nimecheza nyingi.

## Faragha mtandaoni

17. Nikihamia Linux, nitakuwa nimejificha?

Hapana. Linux inaondoa macho yaliyo ndani ya mfumo wenyewe, lakini haigusi macho yaliyo mtandaoni. Ukiingia Google au Facebook kwa kutumia Linux, wanajua kuwa ni wewe, vilevile kama ulivyokuwa kwenye Windows.

Hata ndani ya mfumo, chanzo huria, yaani msimbo ulio wazi kwa wote, si hirizi. Ubuntu 12.10 ya Oktoba 2012 ilikuwa ikipeleka nje maneno uliyoyatafuta kwenye menyu ya kompyuta yako ili kukuletea bidhaa za Amazon. Tofauti ni kilichofuata: watu waliiona, walipiga kelele, wengine walihama, na toleo la 16.04 likaja na jambo hilo likiwa limezimwa. Uwezo huo wa kuona na kuhama ndio ninaoupenda, na ndio unaokosekana kwenye programu zilizotajwa katika swali la 11.

18. Sina la kuficha. Kwa nini nijali?

Muulize mtu aliyewahi kukopa kwenye programu ya mkopo ya simu, akachelewa siku mbili, kisha shemeji, mwajiri na mwalimu wa mtoto wake wakapigiwa simu kuambiwa kwamba ni mdaiwa sugu. Hakuwa na la kuficha. Aliruhusu tu programu isome orodha yake ya namba. Watu wengine 300 walio kwenye orodha hiyo hawakuulizwa kabisa.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya kamishna inayopokea malalamiko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume yake. Kulalamika kunawezekana. Kabla ya kufika huko, fungua mipangilio ya simu yako leo na uone ni programu ngapi zina ruhusa ya kusoma namba za watu.

19. Je, VPN ni lazima?

VPN ni huduma inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, kwa hiyo huhamisha imani. Bila VPN, mtoa huduma wako wa intaneti anaona majina ya tovuti unazozitembelea. Ukiwa nayo, anayeona ni kampuni ya VPN. Yaliyomo ndani ya kurasa, kama nywila na ujumbe, tayari yamefichwa na HTTPS, usimbaji wa kati ya kivinjari na tovuti, kwenye tovuti karibu zote. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama kampuni hiyo usiyoijua inastahili kuaminiwa kuliko mtoa huduma wako. Wakati mwingine jibu ni ndiyo, hasa kwenye Wi-Fi ya hoteli.

Ya bure iogope. Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure, na kwa njia hiyo ikawa inaona ni programu zipi watu wanazitumia. Ilifungwa mwaka 2019.

Kwa aliye Tanzania kuna jambo la kisheria: mwezi Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wazitolee taarifa hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Soma masharti yaliyopo kabla ya kusakinisha.

20. Na ile hali ya faragha ya kivinjari?

Inamficha mume asione zawadi aliyotafutiwa. Haifichi chochote kwa mtoa huduma, mwajiri au tovuti yenyewe.

21. Nitumie kivinjari gani?

Firefox yenye uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo. Chrome ilibadilisha kanuni za viongezo vyake na kuiondoa uBlock Origin kamili, likabaki toleo lake jepesi lenye uwezo mdogo. Sababu yangu nyingine ni ya kiuchumi kabisa: matangazo yanayojicheza yenyewe hula bando langu.

22. WhatsApp au Signal?

Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, kwa kutumia itifaki ileile ya Signal, programu nyingine ya ujumbe. Kinachobaki wazi kwa kampuni ni nani anawasiliana na nani, lini na mara ngapi. Signal hubaki na kidogo mno: ilipodaiwa data na mahakama nchini Marekani mwaka 2016, ilikuwa na tarehe ya kujisajili na siku ya mwisho ya kuunganishwa, basi.

Simlazimishi mama yangu kuhama, kwa kuwa kikundi cha ukoo kiko WhatsApp. Nimemwashia usimbaji wa nakala ya akiba, ambayo bila hivyo hukaa wazi kwenye Google Drive, na PIN ya hatua mbili.

23. Nywila nyingi nitazikumbukaje?

Usizikumbuke. Programu ya KeePassXC huzihifadhi katika faili moja lililosimbwa, nawe unakariri kirai kimoja tu cha maneno matano au sita yasiyohusiana. Msimbo wa pili wa kuingilia utoke kwenye programu ya simu badala ya SMS, kwa sababu matapeli hudanganya ili wapewe laini yenye namba yako, na SMS zako huwafuata.

## Hali maalumu

24. Ikiwa kila mtu anaweza kuchangia msimbo, mtu mbaya hawezi kuutia sumu?

Anaweza, na amewahi. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta kwa mbali, kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alichimba, akakuta mlango wa siri uliofichwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa na distro karibu zote. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akichangia kazi nzuri hadi akaaminiwa na mtunzaji wa mradi, ambaye alikuwa akiubeba karibu peke yake. Sumu ilinaswa kabla ya kuingia kwenye matoleo thabiti ya distro kubwa.

Somo la watu wa programu huria huwa ni kwamba macho mengi yameokoa jahazi. Mimi naona jahazi liliokolewa na jozi moja ya macho na bahati, na kwamba mtunzaji aliyechoka, asiyelipwa, ni udhaifu mkubwa kuliko mstari wowote wa msimbo.

25. Steam Deck yangu imeibwa. Mwizi anaweza kuona nini?

Mengi, kwa kuwa diski yake haisimbwi kwa chaguo-msingi. PIN ya skrini humzuia mwizi wa kawaida, lakini si mwenye bisibisi. Ingia Steam kwa kompyuta nyingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha ubadilishe nywila ya Steam na ya kila tovuti uliyoifungua katika eneo-kazi. Ndiyo maana barua pepe yangu haiko kwenye Deck.

26. Nimenunua kompyuta ya mtumba. Nikague nini kuhusu faragha?

Kagua kwanza BIOS, programu inayoanza kabla ya mfumo: kompyuta yenye nywila usiyoijua humo irudishe dukani. Kisha futa diski nzima na usakinishe upya, hata kama muuzaji anasema "iko tayari", kwa kuwa hujui alichokiweka. Ukiwa unasakinisha Mint, chagua kusimba diski. Ni tiki moja, na kompyuta ikiibwa mwizi atapata chuma tu.

27. Nimesahau nywila ya diski niliyoisimba. Kuna fundi anayeweza kuifungua?

Hakuna. Akikuambia anaweza, ondoka na kompyuta yako; kama una nakala ya akiba, futa diski na uanze upya kutoka swali la 6.